UZI: Phoenix ya babu na milima ya Mwanza, inawezekana au najitesa tu?

#1 Mjukuu wa Phoenix

Wakuu, habari za jioni.

Nimerithi Phoenix ya babu. Ni ile nyeusi ya matairi ya 28, breki za fimbo, keria pana ya kubebea gunia la pamba, siti ya springi, na kwenye shingo kile kibati chenye ndege wake bado kipo. Babu aliitumia Magu miaka mingi, shambani na mnadani. Baada ya msiba shangazi akanipigia simu: "Baba, njoo uchukue chuma chako kabla wauza skrepa hawajakiona."

Mimi naishi Nyakato. Wazo langu ni kutoka nayo Jumapili asubuhi: Sabasaba, Kiseke, Buswelu, halafu niache lami nikate njia za ng'ombe na za wachota maji kati ya mawe mpaka nitokee Igombe ziwani. Sitaki kushindana na mtu. Nataka jasho kidogo, samaki wa kukaanga, nirudi.

Nimejaribu mara mbili. Lami ya Kiseke nilipanda huku nimesimama kwenye pedali, meno yameumana, na kabla ya kufika juu nikashuka nikaanza kusukuma. Mtoto mmoja akaja nyuma akashika keria akanisaidia bila kuombwa. Tulipofika juu akaniuliza, "Babu, unaenda wapi?" Nina miaka 34.

Kushuka ndiyo balaa zaidi. Breki zinapiga kelele kama fisi ila baiskeli haisimami.

Sitaki kuibadilisha ikawa kitu kingine. Nataka ibaki ya babu, ila inipeleke. Wenye uzoefu naomba mchango.

#2 Kichwa Ngumu

Uza, ongezea hela, nunua bodaboda. Uzi ufungwe.

#3 Fundi Spoku

Mkuu mleta mada, usimsikilize huyo. Nimekaa chini ya mwembe natengeneza hizi baiskeli tangu sijaota ndevu, ngoja nikupe hesabu maana watu wanapanda tu bila kujua kwa nini wanaumia.

Hesabu meno ya sprokoti ya mbele (duara la meno kwenye pedali) na ya friwili nyuma (lile la gurudumu). Phoenix nyingi ninazofungua zina 48 mbele na 20 nyuma, nyingine 18. Ukiwa na 48 kwa 20, mguu ukizunguka mara moja tairi linazunguka mara 2.4. Tairi hilo likizunguka mara moja linakula mita 2.2 na kidogo. Kwa hiyo kila ukikanyaga mzunguko mmoja unasogea karibu mita 5.3.

Sasa njoo kwenye mlima. Ukitaka kupanda polepole kama mtu anayetembea haraka, tuseme kilomita 6 kwa saa, miguu yako itazunguka mara 19 tu kwa dakika. Hapo huendeshi baiskeli, unapanda ngazi umebeba gunia. Ndiyo maana ulisimama. Wala si uzee.

Dawa ya bei nafuu ni friwili ya meno 22. Inapatikana, ulizia tu. Mzunguko mmoja unakuwa mita 4.9 hivi. Ukipata na krenki (mkono wa pedali) ya kulia yenye sprokoti ya meno 44, unashuka mpaka 4.5. Kwa ajili ya hilo lazima ubadili krenki nzima, kwa sababu sprokoti ya Phoenix imeng'ang'aniwa kwenye mkono wake. Ya babu ifunge kwenye gazeti uiweke ndani.

Angalizo: ukiweka friwili kubwa, mnyororo utakuwa mfupi. Ama uongeze pingili, ama usogeze gurudumu mbele. Ukisogeza gurudumu, mipira ya breki ya nyuma haitakaa tena sawa kwenye rimu, maana breki ya fimbo inagusa rimu upande wa ndani unaotazama haba, kile kitovu cha gurudumu. Watu wanabadili friwili kwa furaha halafu wanasahau breki.

#4 Mtumba Original

Kwa hesabu hizo hizo za Fundi, mimi nina mtumba wa Kijapani wa gia 21. Gia ya chini kabisa nina 28 mbele na 28 nyuma. Mzunguko mmoja mita 2 na kidogo. Napanda Bugando nikiwa nimekaa huku naongea na simu. Mleta mada anateseka kwa sababu ya mapenzi. Hayo ni mapenzi, siyo usafiri.

#5 Mzee wa Keria

Kijana hapo juu, hebu tuambie na ile siku mkono wa gia ulipoingia kwenye spoku kule Kayenze. Uliita pikipiki ije ikubebe wewe na mtumba wako, au nimesahau?

Mimi sipingi gia. Ila baiskeli ya mtumba inakuja imeshakula maisha yake huko ilikotoka, na kifaa chake kikivunjika unazunguka mji mzima. Phoenix hata gulioni unapata gololi, spoku, kotapini (ile pini ya kushikia krenki), mpira wa breki, vyote vimepangwa kwenye turubai pembeni ya nyanya. Gurudumu la nyuma lina spoku 40, la mbele 32. Zikikatika mbili unafika nyumbani. Zile chuma zilitengenezwa kwa ajili ya barabara za vumbi na mizigo. Kabla ya hapo tulikuwa na Raleigh za Nottingham, halafu zikaja Swala za hapa hapa nchini, zote ni familia moja ya umbo. Shingo imelala nyuma na gurudumu liko mbali na miguu, ndiyo maana haikurushi ukigonga jiwe.

Mjukuu, pole na msiba wa babu.

#6 Mtumba Original

Shikamoo mzee. Ile siku ya Kayenze tulikubaliana haitasemwa.

#7 Mzee wa Keria

Marahaba.

#8 Luseni

Nami nichangie upande wa ardhi, maana naona watu wanaongelea chuma tu wakati tatizo jingine liko chini ya tairi.

Wazee wa Kisukuma wana jina kwa kila udongo kuanzia kwenye mawe mpaka bondeni, na kwa mwendesha baiskeli hayo majina ni ramani. Ukitoka tu kwenye miamba unakutana na isanga, ule mchanga mnene uliotokana na granaiti yenyewe kumomonyoka. Punje zake ni kama gololi. Hapo usikate kona ghafla na usiguse breki ya mbele kabisa. Acha baiskeli ipite yenyewe, usukani ushike kwa ulegevu.

Ukishuka kidogo unaingia luseni, mchanga laini. Kiangazi tairi linazama. Punguza upepo, ukibonyeza kwa dole gumba tairi liitikie kidogo. Hii watu wa Phoenix hawapendi, wamezoea kujaza mpaka tairi linalia kama ngoma. Upepo mwingi unafaa kwenye lami na mzigo. Njia ya mchanga na mawe inataka tairi litulie.

Chini zaidi kuna itogolo. Kiangazi ngumu kama sakafu, utaipenda. Mvua ya kwanza ya vuli ikigusa, inateleza kama sabuni. Halafu mwisho wa yote bondeni kuna mbuga, ule udongo mweusi. Mbuga ikilowa usiingie na baiskeli yenye madigadi. Tope linajaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu linagoma kuzunguka, unabaki umebeba baiskeli ya kilo 20 na tope lake. Mimi hubeba kijiti cha kukwangulia, nakifunga kwenye mtaimbo wa juu, lile bomba la fremu kati ya siti na usukani.

Na mbigili. Mbigili hazina msimu. Kata tyubu kuukuu kwa urefu, itandike ndani ya tairi kabla hujaweka tyubu nzima. Pancha zitapungua sana.

#9 Mama Bwiru

Wanaume mnaongea kupanda, kupanda, kupanda. Kupanda ukishindwa unashuka unasukuma, kuna aibu gani? Mimi nina Hero ya kike, ile isiyo na mtaimbo wa juu, kila alfajiri natoka Bwiru nashuka Mwaloni Kirumba kuchukua dagaa. Kupanda nasukuma kila siku ya Mungu, na watoto wangu wanasoma kwa hiyo hiyo baiskeli. Aliyewahi kunilaza kitandani wiki mbili ni mteremko.

Ilikuwa masika, mvua imenyesha usiku. Nikashika breki, nikashika tena, rimu imelowa, mpira unateleza juu ya kile kimng'aro kama haupo. Breki hizi rimu ikiwa kavu zinakubali. Ikilowa uhesabu huna breki mpaka mipira ifute maji kwanza. Kwa hiyo sasa hivi, mvua ikiwa imenyesha, naanza kugusa breki mapema, kidogo kidogo, kabla ya mteremko, ili rimu ikauke. Na mteremko wenye kona chini nashuka kwa miguu. Sicheki na mtu.

Mdogo wangu mleta mada, hiyo kelele ya fisi ni mipira imekuwa migumu kwa uzee. Badilisha. Na uangalie rimu haijapanda na kushuka. Breki hizi zinavumilia rimu kuyumba kushoto na kulia, lakini ikiwa yai zinashika na kuachia, shika na kuachia.

#10 Fundi Spoku

Mama Bwiru nakupigia saluti. Hilo la rimu kuwa yai mafundi wengi vijana hawalijui, wananyoosha pembeni tu.

Kuna mipira ya breki inayobandikwa ngozi kwa ajili ya rimu za chuma zikiwa na maji. Huku sijaiona dukani. Msikate kandambili mkaweka, naomba sana. Inayeyuka na kubaki kama gundi.

#11 Kichwa Ngumu

Bodaboda ina breki ya diski. Nasema tu.

#12 Nyamagana Boy

Huu uzi umenikumbusha jambo. Hizi baiskeli za milimani tunazoziita za kisasa, asili yake ni vichaa kama mleta mada. Miaka ya 1970 huko California, vijana wa Marin walikuwa wanachukua baiskeli kuukuu za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, nzito, tairi nene, wanazipandisha milimani karibu na Mlima Tamalpais halafu wanashuka nazo barabara ya vumbi kwa mashindano. Breki yao ilikuwa ya nyuma, ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Wakifika chini haba imepata moto mpaka grisi imeungua yote, inabidi waifungue wapakie grisi upya. Ndiyo maana yale mashindano wakayaita Repack, la kwanza 1976. Mwaka uliofuata Joe Breeze akatengeneza fremu yake kwa ajili ya kazi hiyo tu, na hadithi ya baiskeli ya mlimani ikaanzia hapo.

Na tairi la Phoenix lina upana wa kama milimita 38 hadi 40. Angalieni baiskeli mpya za njia za changarawe zinazouzwa Ulaya kwa mamilioni, nyingi zimevaa upana huo huo. Babu alikuwa mbele ya wakati.

#13 Mzee wa Keria

Babu alikuwa anabeba pamba.

#14 Mwalimu wa Kisiwani

Salamu kutoka Ukerewe. Mkitaka kuona baiskeli inafanya kazi njooni Nansio. Huku inabeba abiria, mkungu wa ndizi, mgonjwa, na mwalimu anayechelewa kipindi cha kwanza. Vilima vyetu vingi ni vya wastani, mchanga upo, mawe yapo, njia zinapita katikati ya mihogo mpaka ziwani. Mleta mada akishaitengeneza aipandishe meli aje nayo. Tutampandisha Handebezyo, kile kilima cha kutazamia ziwa lote. Kusukuma ruksa.

Ushauri wangu ni mmoja. Kwenye kupanda usivute usukani kama unang'oa jembe. Baiskeli hizi unakaa wima, uzito wote uko nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na linaanza kutangatanga. Inama, leta kifua mbele, viwiko vilegee. Na uanze mlima polepole. Wanaoushambulia mlima kwa mbio wanafia katikati.

#15 Mjukuu wa Phoenix

Wakuu nimerudi, zimepita wiki tatu. Ripoti ndefu kidogo, mnivumilie.

Nimeweka friwili ya 22. Krenki ya 44 nimekosa, sijahangaika tena. Mipira ya breki mipya, rimu ya nyuma imenyooshwa (kweli ilikuwa yai, Mama Bwiru ubarikiwe), tyubu kuukuu nimezitandika ndani. Madigadi ya mbele nimeyatoa kwa muda. Breki niliona ni kazi ndogo, nikazifunga mwenyewe nyumbani. Kumbukeni hiyo sentensi.

Jumapili nimetoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kiseke nimepanda mpaka juu nimekaa! Si kwamba ilikuwa rahisi, nilipanda kwa zigizaga barabara ikiwa tupu, lakini sikushuka. Kilima cha pili kabla ya Buswelu nimesukuma, na safari hii hakuna aliyeniita babu. Nikaacha lami.

Jamani, kule ndani. Njia inapita kati ya mawe makubwa kama nyumba, moja juu ya jingine, unajiuliza nani aliyapanga. Pimbi wamekaa juu wanaota jua, wananitazama. Ile springi ya siti niliyokuwa naicheka ndiyo ilinibeba. Isanga nimeitambua kabla sijaiona, kwa sauti, ile kwarakwara chini ya tairi. Nikafanya kama Luseni alivyosema, nikalegeza mikono, baiskeli ikacheza kidogo ikapita. Nikaanza kujisikia fundi.

Halafu ziwa likatokea. Mteremko mrefu, chini kuna mihogo, nyuma ya mihogo maji. Nikaanza kushuka vizuri, nagusa breki ya nyuma, naachia, nagusa, naachia. Katikati ya mteremko nikasikia *kling*. Breki ya nyuma ikawa tupu, mkono wake umeshuka mpaka kwenye usukani. Kile kibano kinachounganisha fimbo mbili kilikuwa kimelegea, fimbo ikachomoka. Ya mbele nikaiogopa kwa ajili ya mchanga. Nikashusha miguu yote miwili, ndala moja ikabaki nyuma, nikakata kushoto nikaingia kwenye mihogo.

Nilisimama. Sikuumia zaidi ya michubuko. Mihogo mitatu ililala.

Mwenye shamba alikuwepo, mzee, jembe mkononi. Nikamwahi: "Shikamoo mzee, nisamehe sana." Akaitikia marahaba, akaipita sura yangu kabisa, akatazama baiskeli. "Hiyo Phoenix ya nani?" Nikamwambia ya babu. "Yuko wapi?" Nikamwambia ametangulia. Akanyamaza, akazungusha pedali kwa mkono, akasikiliza. "Kotapini ya kushoto imelegea. Na hii breki nani alifunga?" Nikasema mimi. Akasema, "Inaonekana."

Nilitaka kumlipa akakataa. Akanipa jembe, nikapanda upya vipande vitatu vya mihogo, akasimama juu yangu akikosoa kina cha shimo. Halafu akaleta waya na koleo, akafunga ile fimbo vizuri kuliko nilivyoifunga mimi kwa spana. Nikafika Igombe nikasukuma mpaka kwenye samaki. Sangara wa kukaanga na ugali, sitasema nilikula kiasi gani. Kurudi nilipita barabara kubwa ya uwanja wa ndege kama mtu mwenye akili.

Fundi, hiyo kotapini nifanyeje? Ni kweli inagonga *tok* kila mzunguko.

#16 Fundi Spoku

Hahaha! Mihogo mitatu ni ada ya shule, wengine wamelipa meno.

Sasa sikiliza kuhusu kotapini. Wengi wanakosea kwa kukaza nati wakidhani nati ndiyo inavuta pini. Uzi wa pini ni laini, utaukata. Pini inaingia kwa kugongwa, nati inashikilia tu. Weka kipande cha bomba la chuma chini ya krenki, lisimame sakafuni, ili nguvu ya nyundo isiende kwenye gololi za boksi, pale krenki zinapozungukia. Gonga pini imara, kaza nati, endesha kama kilomita 5, gonga tena, kaza tena. Pini za kushoto na kulia ziwe zimeingia pande tofauti, la sivyo pedali hazitakaa mstari mmoja na goti litakuambia. Ukiendelea kuendesha na hiyo *tok*, tundu la krenki linapanuka, na hapo pini mpya haikusaidii.

Breki kila kibano kaza kwa spana inayoenea sawasawa, siyo koleo, halafu vuta breki kwa nguvu zako zote baiskeli ikiwa imesimama, mara kumi. Ikichomoka, ichomokee nyumbani. Kabla ya kila mteremko mrefu simama juu uvute tena. Sekunde tano.

#17 Luseni

Sauti ya isanga! Wabeja sana mkuu, wewe umeelewa.

#18 Mtumba Original

Nakiri nimesoma ripoti yote. Jumapili ijayo naomba nijiunge. Nitakuja na mtumba, mkono wa gia nimefunga mpya.

#19 Mjukuu wa Phoenix

Karibu mkuu. Saa kumi na mbili na nusu Sabasaba. Mama Bwiru na wewe tunakuhesabu, kama siku hiyo huendi Mwaloni.

#20 Mama Bwiru

Jumapili naenda kanisani kwanza, misa ya alfajiri. Nitawakuta Buswelu, maana kwa mwendo wenu nitawahi mimi. Na mje na pampu, ya kwangu kuna mtu aliazima tangu Pasaka.

#21 Kichwa Ngumu

Pampu ya Mama Bwiru ipo kwangu. Nitaileta. Msiniulize kama nina baiskeli.